Msuli wa Mgongo Ukihamia Kifuani

Mtazameni mama anayetwanga sombe uani. Mikono yainuka juu ya kichwa, mchi washuka kwa nguvu, wainuka tena, washuka tena, naye azungumza na jirani pasipo kufikiri habari ya viungo vyake. Sisi tumtazamao twadhani kwamba nguvu yote yatoka mikononi. Sivyo. Mgongoni mwake umo msuli mpana sana, uanzao kwenye uti wa mgongo na mfupa wa nyonga, ukapanda mpaka kwapani, ukashikamana na mfupa wa mkono karibu na bega. Huo ndio uuvutao mkono ulioinuliwa ili ushuke na kurudi nyuma. Tupigapo jembe hufanya kazi, tuvutapo kamba ya ndoo kisimani hufanya kazi, hata tukohoapo hukaza.

Basi, wasomaji wetu, msuli huo huo ndio waganga wapasuaji huutumia kumtengenezea titi jipya mwanamke aliyekatwa titi lake kwa sababu ya kansa. Tumeona vema kulieleza jambo hili, kwa maana watu hulitazama titi lililorudi wakafurahi, nao husahau kuliuliza bega.

Njia hiyo si changa. Iginio Tansini, mpasuaji wa mji wa Pavia katika Italia, aliieleza mwaka 1906. Shabaha yake haikuwa kuunda titi, bali kuziba jeraha kubwa lililobaki kifuani. Hapo kwanza alijaribu kuhamisha ngozi ya mgongo peke yake, lakini sehemu ya ngozi hiyo ilikufa kwa kukosa damu. Ndipo alipotambua kwamba ngozi haina budi kuhama pamoja na msuli uilishao. Baadaye njia yake ilisahauliwa miaka mingi. Katika Marekani, mpasuaji mashuhuri Halsted hakupenda jeraha la kansa lifunikwe namna hiyo, na maneno yake yalikuwa na uzito mkubwa. Mwaka 1976 Neven Olivari, katika Ujerumani, aliufufua msuli wa mgongo kwa kufunika majeraha ya kifua, na mwaka uliofuata wapasuaji wa Marekani wakaandika jinsi ya kuutumia kwa kuunda titi.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mganga huutenga msuli na uti wa mgongo na nyonga, lakini huuacha uning'inie kwenye mshipa wake wa damu ulio kwapani, kama tunda kwenye kikonyo chake. Kisha huupitisha chini ya ngozi ya kwapa hata kifuani, mara nyingi pamoja na kipande cha ngozi. Kwa kuwa msuli huu ni mwembamba, mara nyingi huwekwa chini yake mfuko wa silikoni, au huongezwa mafuta yaliyotolewa mahali pengine mwilini. Maji huweza kukusanyika mgongoni siku nyingi, ikalazimu kuyavuta kwa sindano. Tena, kama mshipa wa fahamu haukukatwa, titi jipya huweza kurukaruka mwanamke avutapo kitu. Jambo hilo huwashtua wengi ambao hawakuambiwa mapema.

Na bega je? Majuma ya kwanza huwa gumu, kovu la mgongo huvuta, na mwanamke huogopa kuinua mkono. Lakini tusiutwike msuli lawama yote: kuondolewa tezi za kwapa na kuchomwa kwa mionzi pia hulikaza bega. Upo msuli mdogo jirani, uanzao ncha ya chini ya kombe la bega, ambao hufanya kazi ileile na kumsaidia mwenzake aliyehama. Ndiyo sababu wanawake walio wengi, baada ya miezi kadhaa au mwaka mmoja, hurudia kuvaa, kupika, kuchana nywele na kubeba mtoto. Kilichopungua huonekana katika kazi nzito na ndefu: kuogelea, kupanda, kuvuta kitu toka juu kushuka chini. Hapo mkono huchoka upesi.

Waganga huwapa wagonjwa karatasi yenye maswali 30, iliyotungwa katika Canada na Marekani katika miaka ya 1990. Majibu hupimwa toka 0 hata 100. Sifuri maana yake hakuna shida. Karatasi huuliza kama waweza kufungua chupa iliyokazwa, kutandika kitanda, kuweka kitu juu ya rafu, kutunza bustani. Ni maswali mema. Lakini habari ya mchi haimo, wala ya kisima. Nao wanawake waliochunguzwa, wengi wao ni wa Ulaya na Amerika. Mganga akisema kwamba bega hupona vizuri, asema kweli. Kweli hiyo imepimwa kwa kazi za nyumba zile.

Kwa hiyo ni lazima mazoezi yafanywe kwa bidii, kwa kufuata agizo la mganga. Kwanza kukunja vidole na kiwiko. Halafu kutambaza vidole ukutani, kila siku juu kidogo. Kisha kuinua fimbo kwa mikono miwili. Mwisho kuzoeza nguvu. Ninyi akina baba, mkimwona mkeo mmoja wenu ameinua mkono hadi juu ya mlango, msidhani amekwisha kupona, mkampa jembe. Mkono unaofika juu bado haujawa mkono wenye nguvu ya kushuka.

Zipo njia nyingine pia. Waganga wengine huchukua sehemu tu ya msuli, au ngozi na mafuta ya mgongo huku msuli ukiachwa mahali pake. Wengine hutumia ngozi na mafuta ya tumbo. Na mwanamke atembeaye kwa magongo, au ajiinuaye kwa mikono toka kiti cha magurudumu, ahitaji msuli wa mgongo kuliko wengine wote, naye inampasa aseme mapema. Vivyo hivyo mama atwangaye. Kabla ya kupangiwa siku, na asimame mbele ya mganga, amwonyeshe kwa mikono yake mitupu jinsi mchi unavyoinuliwa, na jinsi unavyoshuka.