Nani Anawasemea Wayahudi wa Afrika Kusini?

Mwaka 1902 bunge la koloni la Cape lilitunga sheria ya uhamiaji yenye sharti lililoonekana dogo: anayetaka kushuka melini lazima aweze kuandika ombi lake na kulitia saini kwa herufi za lugha ya Ulaya. Walengwa wakuu walikuwa Wahindi. Ila meli zilikuwa zikileta pia maelfu ya Wayahudi waliokimbia umaskini na mateso katika himaya ya Urusi, wengi wao kutoka Lithuania, na lugha yao ilikuwa Kiyidi, inayozungumzwa Ulaya lakini huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Afisa wa bandari aliyetaka kumrudisha mtu baharini hakuhitaji kumwambia kwamba kosa lake ni Uyahudi. Alimpa kalamu tu.

Wakili kijana wa Cape Town, Morris Alexander, na mwandishi wa habari wa Kiyidi, David Goldblatt, walilivalia njuga suala hilo. Walieleza, wakaandika, wakabisha hodi kwenye ofisi za serikali kudai kwamba lugha ya watu wa Ulaya haiachi kuwa ya Ulaya kwa sababu ya herufi zake. Wayahudi wa Transvaal walikuwa wameunda bodi yao ya wawakilishi mwaka 1903, na mwaka uliofuata Alexander akawa mstari wa mbele kuunda ya Cape. Sheria mpya ya mwaka 1906 ikatamka kwamba Kiyidi ni lugha ya Ulaya. Mlango ukafunguka kwa Wayahudi. Kwa Wahindi ulibaki umefungwa.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kimebeba sifa na kasoro za taasisi ninayotaka kuieleza. Bodi zile mbili ziliungana mwaka 1912, na tangu hapo Bodi ya Wawakilishi wa Wayahudi wa Afrika Kusini ndiyo inayokwenda kwa serikali, mahakamani na kwenye vyombo vya habari kwa niaba ya jumuiya hiyo. Alexander mwenyewe, alipokuwa mbunge, aliwatetea Wahindi na alikuwa rafiki wa Gandhi. Alifanya hivyo kwa jina lake. Tofauti kati ya anachofanya mtu kwa jina lake na kinachofanywa na taasisi kwa jina la wote itaifuata Bodi karne nzima.

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia chombo cha namna hii huenda akawaza BAKWATA ya Tanzania au SUPKEM ya Kenya. Kulinganisha huko kunasaidia, lakini kwa sehemu tu. Bodi haina mamlaka ya kidini. Haitoi hukumu juu ya ndoa, chakula wala ibada. Hayo ni ya Rabi Mkuu na mahakama ya kidini. Haina pia jukumu kuu la kuhimiza uhusiano na Israel, kwani kazi hiyo ni ya Shirikisho la Kizayuni la Afrika Kusini, lililoundwa kabla yake, mwaka 1898. Eneo lake ni uraia: haki za Myahudi mbele ya sheria, usalama wa jina lake, na uhusiano wake na majirani zake wa dini na rangi nyingine. Mipaka hiyo ni rahisi kuichora kwenye karatasi. Kuilinda ni kazi nyingine.

Wanachama wake ni taasisi: masinagogi, shule, vyama vya hisani, vyama vya wanawake na vya vijana. Hizo ndizo zinazotoa wajumbe. Kwa hiyo Myahudi asiye na sinagogi wala chama anasemewa na watu ambao hakuwa na nafasi ya kuwachagua. Uongozi nao una ngazi mbili. Wenyeviti na marais ni watu wa kuchaguliwa wanaojitolea huku wakiendelea na kazi zao. Katika miaka ya karibuni mwenyekiti wa kitaifa amekuwa Karen Milner, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Chini yao wako watendaji walioajiriwa, na aghalabu hao ndio kumbukumbu ya taasisi. Gustav Saron alikuwa katibu mkuu kwa zaidi ya miongo mitatu. Mawaziri walikuja wakaenda, yeye akabaki na majalada yake. Wendy Kahn naye ameshika ukurugenzi wa kitaifa kwa miaka mingi. Anayetaka kujua Bodi inaamua vipi asiishie kwa mwenyekiti.

Miaka ya 1930 ilikuwa migumu. Mwaka 1930 waziri wa mambo ya ndani, D. F. Malan, alipitisha sheria ya viwango iliyokaribia kuufunga kabisa uhamiaji kutoka Ulaya Mashariki. Wafuasi wa Unazi waliovaa mashati ya kijivu walifanya mikutano ya hadhara, na mwaka 1934 mjini Grahamstown kiongozi wa dini wa Port Elizabeth aliwashtaki watatu kati yao kwa kueneza nyaraka za kughushi kuhusu njama ya Wayahudi kutawala dunia. Bodi iliunga mkono shauri hilo na mahakama ikathibitisha kwamba nyaraka zile ni uongo. Oktoba 1936 meli Stuttgart iliwasili Cape Town ikiwa na wakimbizi Wayahudi 537 kutoka Ujerumani, wakiwahi masharti mapya kabla hayajaanza. Hendrik Verwoerd, wakati ule profesa huko Stellenbosch, alikuwa miongoni mwa wahadhiri waliopinga kupokelewa kwao. Mwaka uliofuata Sheria ya Wageni iliziba mwanya uliobaki. Watu waliofungiwa mlango ule walibaki Ulaya, na tunajua yaliyowapata.

Mwaka 1948 chama cha Malan kilishinda uchaguzi. Malan akawa waziri mkuu. Verwoerd akashika kiti hicho mwaka 1958. Eric Louw, aliyekuwa kinara wa kudai Wayahudi wazuiwe, akawa waziri wa mambo ya nje. B. J. Vorster, aliyewekwa kizuizini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kuwa upande wa waliotaka Ujerumani ishinde, akawa waziri mkuu mwaka 1966. Viongozi wa Bodi walilazimika kukaa mezani na watu hao hao waliowatukana miaka kumi iliyotangulia. Huwezi kuielewa Bodi ya enzi ya ubaguzi wa rangi bila kuuelewa woga huo, na woga wenyewe ulikuwa na sababu.

Serikali mpya haikuwagusa Wayahudi. Iliwahesabu kuwa weupe, na hapo ndipo ulipokuwa mtego. Bodi ikashika msimamo uliodumu zaidi ya miaka thelathini: hakuna msimamo wa Kiyahudi katika siasa, kila Myahudi ni raia, apige kura kwa dhamiri yake, Bodi itasema pale tu Wayahudi wanapoguswa kama Wayahudi. Kwa wanasheria ni hoja safi. Lakini chini yake kulikuwa na jamii iliyoishi katika vitongoji vya weupe, iliyosomesha watoto katika shule bora na kupiga kura, ilhali Waafrika walikamatwa barabarani kwa kukosa pasi.

Mtu mmoja mmoja alisema. Helen Suzman alikuwa mbunge pekee wa chama chake bungeni tangu 1961 hadi 1974, akipinga sheria za ubaguzi karibu peke yake. Rabi Louis Rabinowitz alihubiri dhidi ya ubaguzi hadi alipoondoka nchini mwaka 1961. Rabi André Ungar wa Port Elizabeth aliamriwa kuondoka kwa sababu ya mahubiri yake. Polisi walipovamia shamba la Liliesleaf, Rivonia, maficho ya wapinzani wa ubaguzi, Julai 1963, miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo Denis Goldberg, Lionel Bernstein na Arthur Goldreich, wote Wayahudi. Goldreich alitoroka mahabusu Johannesburg pamoja na Harold Wolpe, wakapitia Swaziland na Bechuanaland hadi wakafika Dar es Salaam. Goldberg alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Nelson Mandela na akakaa jela miaka 22. Mwendesha mashtaka wao, Percy Yutar, alikuwa Myahudi pia.

Kesi ile iliitia Bodi katika taharuki. Serikali na magazeti yake yalikuwa yanauliza kwa nini majina ya Kiyahudi ni mengi hivyo kwenye orodha ya wapinzani, na Bodi ikajibu kwa msimamo wake wa siku zote, kwamba matendo ya hao ni ya kwao binafsi. Ni jibu hilo linalonisumbua kuliko mengine yote. Bodi ilikuwa na haki ya kukataa jumuiya nzima iadhibiwe kwa matendo ya wachache. Ila iliposema hivyo bila kuongeza neno juu ya udhalimu ambao wachache wale walikuwa wakiupinga, serikali ilipata ilichokitaka. Kimya cha ofisi inayosemea watu huhesabiwa kuwa kauli yao.

Watetezi wa Bodi husema ingevunjwa, na Wayahudi wangelipizwa kisasi. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mwaka 1961 Israel ilipopiga kura dhidi ya Afrika Kusini katika Umoja wa Mataifa, serikali ya Verwoerd ilizuia fedha ambazo jumuiya ilikuwa ikizituma huko. Nakubali kwamba hatari ilikuwapo. Nakataa kwamba ilikuwa ya kiwango kile kile kwa miaka yote ile. Kufikia miaka ya 1970, wakati Pretoria na Israel zilipokuwa washirika wa karibu, Bodi ilikuwa na nafasi pana zaidi ya kusema kuliko iliyoitumia. Maazimio ya tahadhari yalianza kutolewa, na ni kongamano la mwaka 1985 ndilo lililoukataa ubaguzi wa rangi waziwazi. Mwaka huo huo vikundi vya Wayahudi wa Cape Town na Johannesburg waliochoka kusubiri vilikuwa vimeanza kuandamana kwa majina yao wenyewe.

Novemba 1997, mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano huko East London, Rabi Mkuu Cyril Harris alikiri kwamba jumuiya yake ilifaidika na mfumo ule na akaomba radhi. Mandela, aliyepata kazi yake ya kwanza ya ukarani wa sheria katika ofisi ya mawakili Wayahudi, alikuwa ameshahutubia kongamano la Bodi mwaka 1993, na Jumamosi moja ya Mei 1994, siku chache baada ya uchaguzi, alikwenda sinagogi la Sea Point. Hakuwa mtu wa kusahau wala wa kukomoa.

Chini ya katiba mpya Bodi ilipata chombo ambacho haikuwahi kuwa nacho: sheria ya usawa ya mwaka 2000, inayokataza kauli za chuki. Shauri lililoonyesha nguvu na mipaka yake ni la Bongani Masuku, aliyekuwa katibu wa mambo ya nje wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COSATU. Mwaka 2009, wakati wa vita vya Gaza, aliandika na kusema maneno makali kuhusu Wazayuni, yakiwamo ya kuwataja kama marafiki wa Hitler. Bodi ililalamika kwa Tume ya Haki za Binadamu, na tume ikaenda mahakamani. Mahakama ya Usawa iliamua dhidi yake mwaka 2017, Mahakama ya Juu ya Rufaa ikatengua mwaka 2018, na Februari 2022 Mahakama ya Katiba ikatoa neno la mwisho. Kauli ya Hitler, ilisema mahakama, iliwalenga Wayahudi kwa Uyahudi wao, na kwa hiyo ni ya chuki. Wahusika waombe radhi. Kauli nyingine, hata zilizotia hofu, haikuthibitika kwamba ziliwalenga Wayahudi kwa Uyahudi wao. Miaka 13 kwa ajili ya radhi moja inaweza kuonekana mingi. Binafsi naiona hukumu hiyo kuwa mali kubwa kwa pande zote mbili, kwa kuwa imemlinda Myahudi dhidi ya matusi ya asili yake, na imemlinda mkosoaji wa siasa dhidi ya kuzibwa mdomo.

Muda si mrefu Bodi yenyewe ikajaribiwa. Tarehe 29 Desemba 2023 serikali ya Afrika Kusini iliishtaki Israel mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikidai mauaji ya kimbari Gaza. Bodi ililaani hatua hiyo kwa ukali. Wayahudi wengi wa Afrika Kusini wana mfungamano wa damu na wa imani na Israel, na waliona uchungu wa mauaji yaliyofanywa na Hamas huko Israel Oktoba 7 mwaka huo kama msiba wa nyumbani. Lakini wapo wengine, wakiwamo wanaojiita Wayahudi wa Afrika Kusini kwa Palestina Huru, waliosimama barabarani na mabango yao na kusema Bodi haiwasemei. Hapa mpaka ule wa karatasi, kati ya Bodi na shirikisho la Kizayuni, ulipotea machoni pa watu. Bodi ina nguvu zaidi inapomtetea mwanafunzi aliyetishwa chuoni au sinagogi lililopakwa matusi, kwa sababu hapo hakuna Myahudi atakayesema hajamtuma. Inapotoa tamko juu ya vita vya nchi nyingine, inatumia idhini ambayo sehemu ya watu wake hawajaitoa. Kuna njia ya wazi: iseme ni taasisi zipi zimeliunga mkono tamko na zipi zimelipinga, na iwape wapinzani wa ndani kiti badala ya kuwaacha nje ya mlango.

Jumuiya yenyewe inapungua. Ilikaribia watu 120,000 miaka ya 1970. Utafiti wa mwaka 2019 uliikadiria kuwa watu 52,300. Vijana wengi wamehamia Australia, Israel, Uingereza na Marekani, na miji midogo ambayo zamani ilikuwa na sinagogi sasa ina makaburi tu yanayotunzwa na idara ya Bodi. Jumuiya ndogo kiasi hiki haiwezi kumudu kuwapoteza wanaoipinga ofisi yake.

Nawe msomaji, ukisoma tena kwamba Wayahudi wa Afrika Kusini wamesema hiki au kile, tazama kwanza aliyetia saini: ni Bodi, ni shirikisho la Kizayuni, ni rabi, au ni raia anayejisemea. Mjibu huyo aliyesema. Usimtafute mwenye duka wa Johannesburg ambaye tamko lile amelisoma gazetini kama wewe.