Kugawa jeshi au kulikusanya: Mjadala wa vita uliopita Sekenke

Na Mwandishi Wetu

KWA wasafiri wa barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, jina la Sekenke humaanisha mteremko mkali, kona za hatari na malori yanayoshuka taratibu kuelekea mbuga ya Wembere. Kwa wachimbaji wadogo wa Wilaya ya Iramba, jina hilo humaanisha dhahabu.

Wachache wanaokumbuka kwamba eneo hilo liliwahi kuwa katikati ya mojawapo ya mijadala mikubwa ya medani za vita katika Afrika Mashariki, yaani kama kamanda aliyezidiwa idadi anapaswa kulikusanya jeshi lake mahali pamoja au kuligawa katika vikosi vidogo.

Swali hilo halijafa. Vijana wengi wa mijini hulikuta leo katika filamu za katuni za Kijapani, maarufu kama anime, na hubishana juu yake kama wengine wanavyobishana juu ya Simba na Yanga.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni mfululizo uitwao Legend of the Galactic Heroes, uliotokana na riwaya za mwandishi Yoshiki Tanaka na kuanza kutolewa kwa filamu mwaka 1988. Katika vita vya Astarte, kamanda kijana Reinhard von Lohengramm ana merikebu za angani 20,000, naye anakabiliwa na adui mwenye merikebu 40,000 zilizogawanywa katika makundi matatu yanayomjia kutoka pande tatu.

Maofisa wake wanamshauri arudi nyuma kabla hajazingirwa. Yeye anaona jambo jingine: kila kundi la adui, likichukuliwa peke yake, ni dogo kuliko jeshi lake. Anayashambulia mawili, moja baada ya jingine, kabla hayajaweza kusaidiana, na kuyasambaratisha. Ni kundi la tatu pekee, likiongozwa na ofisa aitwaye Yang Wen-li, linalofanikiwa kumzuia.

Hesabu iliyo nyuma ya kisa hicho ilikwisha kuandikwa muda mrefu kabla ya katuni hizo. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester, katika kitabu chake cha mwaka 1916 kiitwacho Aircraft in Warfare, alieleza kuwa pale ambapo kila mpiganaji anaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya jeshi haiongezeki kwa idadi yake tu, bali kwa kipeo cha pili cha idadi hiyo.

Kwa maneno mepesi, chukua majeshi mawili yenye askari 1,000 kila moja na silaha zinazolingana. La kwanza limekaa pamoja, la pili limegawanywa nusu kwa nusu, vikosi viwili vya askari 500 visivyoweza kusaidiana.

Jeshi lililokusanyika likikutana na nusu ya kwanza, litaimaliza na kubaki na askari wapatao 866. Likikutana na nusu ya pili, litaimaliza pia na kubaki na askari wapatao 707. Aliyejigawa amepoteza askari wote 1,000, na aliyejikusanya amepoteza chini ya 300, ingawa walianza wakiwa sawa.

Kwa hesabu hiyo, mjadala ungekwisha hapo. Hata hivyo, vita vilivyopiganwa katika ardhi ya Tanzania ya leo kati ya mwaka 1914 na 1918 vilionyesha kuwa mambo hayakuwa mepesi kiasi hicho.

Dhahabu ya Sekenke na kibano cha mwaka 1916

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, jeshi la Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wazungu wasiozidi mia tatu. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amewasili Dar es Salaam Januari mwaka huo huo. Jeshi hilo lilikua baadaye, lakini halikuwahi kufikia idadi ya maadui zake.

Manowari za Waingereza zilifunga bahari, na fedha taslimu zikaadimika nchini. Hapo ndipo mgodi wa Sekenke, wa kwanza wa dhahabu katika koloni hilo, ulipopata umuhimu wa kivita. Dhahabu yake ilipelekwa Tabora, ambako mwaka 1916 zilifuliwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo upande mmoja na tai wa Ujerumani upande mwingine. Sarafu hizo, ambazo jumla yake ilikuwa 16,198, leo hutafutwa sana na wakusanyaji wa fedha za kale.

Februari 1916, Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alishika uongozi wa majeshi ya Uingereza. Baada ya kuiteka nchi ya Kilimanjaro, alifanya uamuzi ambao wataalamu wa vita wanaendelea kuubishania: aliligawa jeshi lake. Sehemu moja alibaki nayo kaskazini. Nyingine, chini ya Jaap van Deventer, aliituma kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi, safari ya mamia ya kilomita, masika yakiwa yanaanza.

Van Deventer aliingia Kondoa katikati ya Aprili 1916, lakini nyuma yake mvua zilikata barabara, mbung'o waliua farasi, na homa ikawaangusha askari. Kikosi kilichokuwa kimetumwa kumtisha adui kikawa kimenaswa, mbali na msaada wowote.

Lettow-Vorbeck aliiona nafasi hiyo kama Lohengramm alivyoiona ya Astarte. Alikuwa katikati, maadui zake wakiwa pembeni, na reli ya kati ilimwezesha kuhamisha askari haraka kuliko Smuts alivyoweza kupeleka msaada. Alikusanya askari wapatao 4,000 na kuishambulia Kondoa usiku wa Mei 9 kuamkia Mei 10.

Alishindwa. Washambuliaji walikwea vilima gizani dhidi ya mahandaki yenye bunduki za rashasha, wakarudishwa nyuma mara kadhaa kwa hasara kubwa. Baada ya hapo pande zote mbili zilibaki zikitazamana kwa majuma kadhaa, zikiuguzana na kukosa chakula.

Mwishoni mwa Mei, Smuts alianza kushuka na jeshi lake lililosalia kando ya mto Pangani. Lettow-Vorbeck hakuweza kuwa mahali pawili, akalazimika kuiacha Kondoa. Mwishoni mwa Julai, Van Deventer alifika Dodoma na kuikata reli ya kati.

Je, Smuts alikosea au alipatia? Wanaomlaumu husema alikiweka kikosi kizima hatarini na kukiacha kiliwe na njaa na maradhi. Wanaomtetea husema nusu moja ilimfunga adui wakati nusu ya pili ikisonga mbele. Hoja zote mbili zina ukweli, na zinafundisha kanuni ile ile: kugawa jeshi hufaa pale tu ambapo kila sehemu inaweza kusimama peke yake mpaka nyingine ifike.

Miezi hiyo hiyo, kibano kilikuwa kinaikaribia Tabora. Wabelgiji walitoka magharibi kwa safu mbili, Waingereza walishuka kutoka Mwanza, waliyoitwaa Julai, na askari wa Van Deventer walikuwa upande wa mashariki. Sekenke ilikuwa ndani ya kibano hicho. Tabora ilianguka Septemba 19, 1916, na Wajerumani wakapoteza mji, reli na dhahabu kwa pamoja.

Msafara wa Wintgens

Jenerali Kurt Wahle, aliyekuwa akiilinda Tabora, aliondoka na kuelekea kusini mashariki akiwa ameligawa jeshi lake katika safu tatu. Mojawapo, ya ofisa Hübner, ilinaswa na kusalimu amri Ilembule mwezi Novemba. Iliyokuwa chini ya Kapteni Max Wintgens ilinusurika, na ndiyo iliyozua mjadala mkubwa zaidi.

Februari 1917, Wintgens alijitenga na jeshi kuu akiwa na askari wapatao 500, akageuka na kurudi kaskazini, nyuma ya mistari ya adui. Mwezi Mei aliugua homa kali ya tifasi na kujisalimisha kwa Wabelgiji karibu na Tabora, lakini kikosi chake hakikufa. Ofisa Heinrich Naumann alichukua uongozi, akavuka reli ya kati mashariki ya Tabora na kuelekea kaskazini.

Njia yake ilimfikisha Mkalama, sehemu iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Iramba hadi mwaka 2012 ilipokuwa wilaya kamili, kisha Ikoma, karibu na Serengeti. Baadaye aligeuka tena kusini na kufika Kondoa, mji ule ule uliopiganiwa mwaka mmoja kabla. Alikigawa tena kikosi chake, na sehemu moja ikaishambulia reli huko Kahe, chini ya Kilimanjaro. Alisalimu amri mwanzoni mwa Oktoba 1917, baada ya miezi minane ya msafara huo.

Waingereza walilazimika kuunda kikosi maalumu cha kumsaka, na Wabelgiji wakashirikiana nao. Maelfu ya askari waliondolewa katika mapambano ya kusini ili kuwafukuza watu mia chache.

Kwa kigezo hicho, Wintgens na Naumann walishinda. Nguvu ya kikosi kidogo kilichojitenga haipimwi kwa idadi ya adui kinaowaua, bali kwa idadi ya adui kinaowalazimisha kuacha kazi nyingine. Isitoshe, kanuni ya Lanchester hudai uwanja wa wazi, ambapo bunduki zote zaweza kulenga. Katika vichaka vya Itigi au mapori ya miombo, ambamo askari haoni hatua hamsini mbele, wingi hauna faida ileile.

Lakini Lettow-Vorbeck mwenyewe hakuridhika. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa baada ya vita, aliusifu ujasiri wa msafara huo, ila akasikitika kwamba ulikwenda mbali mno na uwanja mkuu wa vita kiasi cha kutomfaa. Kwake, kikosi kisichoweza kupokea amri wala kurudi kwa wakati kilikuwa kimekwisha kupotea, hata kama kilikuwa kinashinda.

Hofu yake ilithibitika Novemba 1917. Kikosi kingine, cha Kapteni Theodor Tafel, kilikuwa kikisafiri kusini kwenda kuungana naye karibu na mto Ruvuma. Vikosi hivyo viwili vilikaribiana sana bila kila kimoja kujua mwenzake yuko wapi. Tafel, akiwa hana chakula, alisalimu amri Novemba 28. Lettow-Vorbeck alikuwa amevuka mto siku tatu tu kabla, akaendelea kupigana mpaka aliposalimu amri huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918.

Hesabu isiyoonekana katika katuni

Kuna jambo moja ambalo mijadala ya mbinu za vita, iwe ya maofisa au ya watazamaji wa katuni, hulisahau kwa urahisi. Merikebu za Astarte zinapogawanyika, hakuna anayeuliza zitakula nini. Katika nchi ya Iramba, Unyaturu na Ugogo, hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza.

Jeshi lililokusanyika mahali pamoja humaliza chakula cha wilaya moja. Jeshi lililogawanywa hula katika wilaya kumi. Kikosi cha Naumann hakikuwa na ghala wala reli. Kilichokula kilitoka katika maghala ya mtama na mazizi ya wanavijiji. Waliokuwa wakikifukuza nao walihitaji nafaka, ng'ombe na watu wa kubeba mizigo.

Wapagazi ndio waliobeba vita hivyo kichwani. Upande wa Uingereza pekee uliwatumia watu wapatao milioni moja katika kipindi chote cha vita, na hesabu rasmi ya waliokufa inazidi 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Kila safu mpya iliyojitenga ilimaanisha maelfu mengine ya vijana kuondolewa mashambani.

Matokeo yalionekana upesi. Mvua zilipokosekana, nchi iliyokuwa imenyang'anywa mifugo, nafaka na nguvu kazi haikuwa na akiba. Wagogo, majirani wa Singida upande wa mashariki, waliikumbuka njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 kwa jina la Mtunya. Inakadiriwa kuwa iliua watu wapatao 30,000 katika nchi iliyokuwa na watu wapatao 150,000.

Kwa hiyo, jibu la swali la makamanda haliwezi kuwa moja kwa nyakati zote. Anayejigawa mbele ya adui aliyejikusanya, bila njia ya kuwasiliana wala kusaidiana, hujiangamiza kama alivyofanya Tafel. Anayejigawa ili kumlazimisha adui atawanyike anaweza kufanikiwa, kama Naumann, japo faida yake huenda isimfikie aliyemtuma.

Waswahili husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Mabishano juu ya Lohengramm na Lettow-Vorbeck yataendelea, na hayana ubaya, kwani hufundisha kufikiri. Anayeshiriki mabishano hayo anapaswa tu kuongeza swali moja ambalo makamanda wa mwaka 1916 na 1917 hawakuwauliza watu wa Sekenke, Mkalama na Kondoa: jeshi likigawanywa mara mbili, ni nani atakayelilisha?