Uliza Kabla ya Kutia Kisu

Katika dispensari zetu za kando ya ziwa, tangu Kavimvira mpaka Makobola na Baraka, muuguzi akiona titi limevimba, neno la kwanza linalomjia ni jipu. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Mama ananyonyesha, chuchu imepasuka, maziwa yamesimama, homa inapanda, usaha unakusanyika. Tunampa dawa, na jipu likiiva linatobolewa. Kazi hii tunaijua.

Lakini yuko mama mwingine. Huyu hanyonyeshi wala hana homa. Titi lake moja limekuwa kubwa kuliko la pili kwa muda wa majuma machache, na ndani yake mna kitu ambacho hakuzaliwa nacho. Akitobolewa kama mwenye jipu, ameumizwa.

Kitu hicho ni mfuko wa silikoni. Ganda lake ni kama mpira laini, na ndani hutiwa uji mzito wa silikoni au maji ya chumvi. Daktari hupasua ngozi, huuingiza mfuko chini ya titi au chini ya msuli wa kifua, kisha hushona. Kazi hii ya silikoni ilianza mwaka 1962 huko Houston, Marekani, kwa mikono ya madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Wanawake wengine huwekewa mfuko kwa sababu titi liliondolewa kwa ajili ya kansa. Wengine hutaka tu matiti makubwa zaidi. Muuguzi hakuwekwa kuwa hakimu wa kifua cha mtu, basi awapokee wote sawasawa.

Mtauliza, “Mambo hayo ya mbali yanatuhusu nini sisi wa Uvira?” Yanatuhusu. Watu wengi wa Uvira na Fizi walikimbia vita vya 1996, wakakaa katika kambi ya Nyarugusu huko Tanzania, na baadaye wengi wao wakapelekwa Marekani na nchi nyingine. Wengine wako Ubelgiji na Ufaransa. Binti zetu hurudi kuzika wazazi na kuona ndugu, na mtu akirudi huja na mwili wake wote.

Tena kuna jambo ambalo wanawake wengi hawakuelezwa vizuri: mfuko haukutengenezwa kukaa maisha yote. Mwenye mtumbwi hupandisha chombo chake mchangani atazame mbao, hata kama maji hayajaanza kuingia. Mfuko nao hutaka kutazamwa hivyo. Wakuu wa dawa wa Marekani wanashauri mwenye mfuko wa uji wa silikoni apigwe picha ya MRI au ekografi miaka 5 au 6 baada ya kupasuliwa, halafu kila miaka 2 au 3. Mwaka 2021 waliamuru pia onyo kali liandikwe kwa mifuko hiyo. Kwetu MRI ni vigumu kuipata, lakini ekografi nayo husaidia sana.

Taabu inayoonekana mara nyingi ni ugumu. Mwiba ukiingia mwilini, mwili hujenga ukuta kuuzunguka. Ndivyo unavyofanya kwa mfuko. Kwa wengine ukuta huo hujikaza mwaka kwa mwaka, titi likawa gumu kama chungwa bichi, likapanda juu na kuuma. Msilikande kwa nguvu. Zamani madaktari wengine walilibana kwa mikono ili ukuta upasuke. Wakaacha, maana mfuko nao ulipasuka.

Mfuko wa maji ukipasuka, titi hunywea na mama huona. Mfuko wa uji hupasuka kimya. Pengine hakuna dalili hata moja, pengine umbo hugeuka, au uvimbe huonekana kwapani kwa sababu silikoni imetembea.

Hapa lazima niseme habari ya Ufaransa. Katika mji wa La Seyne-sur-Mer palikuwa na kiwanda kilichoitwa Poly Implant Prothèse, au PIP, cha Jean-Claude Mas. Kilijaza mifuko yake silikoni ya viwandani, ya bei ndogo, isiyoruhusiwa kuwekwa mwilini mwa mtu. Madaktari waliona mifuko hiyo inapasuka kupita kiasi. Mwezi wa Machi 2010 serikali ikaikataza, na Desemba 2011 ikawashauri wanawake wapata 30,000 wa Ufaransa waende kutolewa. Tena kiwanda kilikuwa kimekwisha kuuza katika nchi nyingi. Mwaka 2013 mahakama ya Marseille ilimhukumu Mas kifungo cha miaka 4. Mwanamke aliyewekewa mfuko huko Ulaya kabla ya 2010 ana haki ya kuuliza jina la kiwanda.

Sasa ninarudi kwa yule mama asiye na homa. Kuna kansa ya chembe za kinga ya mwili, siyo ya titi lenyewe, ambayo huanza katika ule ukuta unaozunguka mfuko. Ni ya nadra. Imeonekana hasa kwa mifuko yenye ganda la kukwaruza, siyo laini. Kwa sababu hiyo Ufaransa ilikataza aina fulani za mifuko hiyo Aprili 2019, na Julai mwaka uleule Allergan iliondoa mifuko yake ya Biocell duniani kote. Dalili yake kubwa ni maji yanayojaa kuzunguka mfuko, mara nyingi miaka 7 mpaka 10 baada ya kupasuliwa, wakati mama amekwisha kusahau. Ikigunduliwa mapema, wengi hupona kwa kutolewa mfuko pamoja na ukuta wake wote. Lakini muuguzi akitia sindano bila kuona, anaweza kutoboa mfuko. Na akiyamwaga maji yale, amemwaga ushahidi, maana ndiyo yanayopimwa.

Wengine hulalamika uchovu, viungo kuuma na kusahau. Madaktari hawajathibitisha kwamba mfuko ndio unaosababisha, ingawa wengine waliotolewa walipata nafuu. Hapa kwetu mpime malaria kwanza! Kuhusu kunyonyesha, wengi wenye mifuko hunyonyesha vizuri. Wengine maziwa hupungua. Basi mpime mtoto uzito, na msikimbilie chupa katika mji wenye kipindupindu.

Mwulizeni mama peke yake, mama mkwe akiwa nje: “Mama, uliwahi kupasuliwa kifuani?” Tazameni kovu chini ya titi, kwapani, na pembeni mwa duara la chuchu. Kama mfuko upo, msitie kisu wala sindano. Kama kuna homa na wekundu, anzeni dawa ya kuua vijidudu na kumtuma siku ileile. Kama ni uvimbe bila homa, asingoje mwezi upite. Apelekwe kwa daktari mpasuaji, Uvira au Panzi ya Bukavu, na barua yenu iseme mwaka wa kupasuliwa, nchi, jina la kiwanda, na siku uvimbe ulipoanza. Wenye mifuko hupewa kadi yenye namba. Akiwa hana, ampigie simu ndugu aliyebaki kule aitafute katika karatasi zake, au aiombe hospitali iliyompasua itazame katika faili lake.