Kicheko cha Ushindi Hakikuzwi kwa Herufi

Swali ni lile lile kila msimu wa miswada: mhusika wangu ameshinda, anacheka kwa furaha, kwa Kiingereza niandike "ha" ngapi? Usiandike hata moja. Nimechoka kusoma mistari mizima ya "HAHAHAHA!!!" iliyowekwa pale ambapo hadithi ilipaswa kupaa.

"Ha ha" ni ya kale. Mtawa Ælfric aliitaja katika sarufi yake yapata miaka 1,000 iliyopita, akaeleza kwamba ni ishara ya kicheko kwa Kilatini na kwa Kiingereza vilevile. Lakini ishara hiyo hutujulisha tu kwamba mtu amecheka. Haisemi kama ameshinda, ameaibika au anadhihaki, na kuirudia hakuongezi habari yoyote. Mtafiti wa Marekani Robert Provine alipima vicheko halisi akakuta milio yake hufuatana kila baada ya milisekunde 210 hivi. Kwa hesabu hiyo, "ha" 40 ni zaidi ya sekunde nane za kucheka bila kupumua. Nani hucheka hivyo?

Kibaya zaidi ni "mwahaha", ambayo wengi wameshika kwamba ndiyo kicheko cha mshindi. Sivyo! Hicho ni kicheko cha mwovu wa katuni na sinema anayefurahia hila yake. Mpe binti aliyefaulu kidato cha nne, na msomaji wa Kiingereza ataanza kumshuku.

Mwaka 1871 mwandishi Lewis Carroll alikuwa na kazi hiyo hiyo ya kuonyesha furaha ya ushindi: baba anampokea mwanawe aliyeua zimwi. Alimpa ukelele mfupi wa shangwe, kisha kitenzi kimoja alichokibuni mwenyewe, "chortle", na kitenzi hicho kiko kwenye kamusi hadi leo. Herufi hazikurundikwa.

Basi fanya hivi. Ushindi uonekane kabla ya kicheko. Ukionekana, "laughed" inatosha. Mshindi anayejigamba, "crowed". Anayepaza sauti kwa furaha, "whooped". Anayefurahia chinichini, "chortled". "Cackled" waachie wachawi. Onyesha mwili: magoti yanalegea, machozi yanatoka, jirani naye anaangua kicheko bila kujua sababu. Mpe mhusika neno la kusema pumzi ikimrudia. Kisha futa alama za mshangao zote, ubakishe moja.