Mtwara katika Orodha ya Kitaifa ya Gesijoto: Mipaka ya Sekta
Mwongozo wa mwaka 2006 wa Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) unagawa vyanzo vya gesijoto katika sekta nne: nishati, michakato ya viwandani na matumizi ya bidhaa, kilimo, misitu na matumizi mengine ya ardhi, na taka. Kigezo cha mgawanyo huo ni mchakato unaozalisha gesi, si mmiliki wa chanzo.

Pwani ya Mtwara inadhihirisha jambo hilo. Gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Methani inayovuja visimani na kaboni dioksidi itokayo gesi hiyo inapochomwa kuzalisha umeme huhesabiwa katika nishati. Kiwanda cha saruji, kwa upande wake, huangukia sekta mbili: nishati ichomwayo tanuruni ni ya sekta ya kwanza, ilhali kaboni dioksidi inayotolewa na mawe ya chokaa yenyewe ni ya sekta ya pili. Mkadiriaji akijumlisha utoaji wote wa kiwanda na takwimu za mauzo ya gesi, atahesabu mara mbili.

Hatari nyingine ni kuacha. Mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma, iliyomo katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, huwekwa katika matumizi ya ardhi. Sehemu kubwa ya kaboni yake imo topeni, si katika vigogo. Orodha ipimayo miti pekee haitaonesha hasara kamili mikoko ikifyekwa. Kwa hiyo, uhakiki wa orodha hauna budi kuanza kwa kubainisha kila tani imetokana na mchakato gani.