Sanduku la Fyuzi Nyumbani Mwako

Mkulima mwenzetu, stima ilipofika nyumbani mwako kwa mara ya kwanza, huenda iliwasha taa tatu na redio tu. Tazama sasa. Kuna pasi, birika la stima, bomba la kuoga maji moto, na nje penye boma la ng'ombe kuna mashine ya kukatia majani ya nepia. Mzigo umekua, lakini sanduku la fyuzi ni lile lile la zamani. Nyumba nyingine, zilizounganishwa katika mpango wa Last Mile ulioanza mwaka wa 2015, zilianza na kibao kidogo tu chenye soketi na taa, kwa kuwa hazikuwa na nyaya ndani.

Wengi katika mashamba ya Mweiga, Naro Moru na Solio sasa wanajenga nyumba ya mawe mbele ya ile ya mbao, nao wanauliza: je, sanduku lihamishwe namna gani, tena liwe kubwa kiasi gani? Hayo ndiyo tutakayoeleza.

KAZI YA FYUZI

Watu wengi hudhani kuwa fyuzi yalinda pasi au redio. Sivyo. Fyuzi, au breka kama ziitwavyo hizi za kisasa zinazojizima zenyewe, yalinda waya. Umeme unapopita katika waya huupasha moto. Umeme ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Ni kama mfereji wa shamba: ukiufungulia maji mengi kuliko upana wake, kingo hubomoka. Breka ndiyo mlinzi wa mfereji huo.

Basi, breka ya ampea 10 inapokata kila jioni, mtu huiondoa akatia ya ampea 32. Stima haikatiki tena, naye hufurahi. Lakini hakuongeza nguvu yoyote; amemfukuza mlinzi.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hili. Nyumba yangu ni ya mbao, na jirani mmoja ajuaye kidogo mambo ya stima alinitilia breka kubwa. Baada ya majuma machache tukasikia harufu kama ya plastiki iungulayo, na hatukujua yatoka wapi. Nilipobandua ubao wa ukuta, niliukuta waya umekuwa mweusi na ubao wenyewe umeanza kuwa makaa. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo walipolala watoto.

PIGA HESABU KWANZA

Kabla ya kununua sanduku, chukua kalamu. Kila chombo kimeandikwa wati zake. Gawanya wati kwa 240, ambazo ndizo volti za stima ya nyumbani hapa Kenya, nawe utapata ampea. Kwa mfano:

Pasi ya wati 1,200: ampea 5.
Birika la wati 2,000: ampea 8 na kidogo.
Bomba la kuoga la wati 5,000: karibu ampea 21.
Mashine ya nepia ya nguvu za farasi 2: yapata ampea 10 ikiwa inazunguka, na mara kadhaa zaidi ya hapo inapoanza.

Jumla ni karibu ampea 44, ikiwa vyote vitawashwa pamoja. Ukiona hesabu yako ni kubwa hivi, jua ya kuwa sanduku kubwa peke yake halitakuletea nguvu zaidi. Nguvu huja kwa waya utokao kwenye nguzo. Kama waya huo hautoshi, yakupasa kupeleka ombi kwa Kenya Power.

MAHALI PA KULIWEKA

Sanduku liwe mahali pakavu, penye mwanga, karibu na pale waya wa nguzo unapoingia. Liwe kwenye kimo cha macho ya mtu mzima, na mbele yake pasiwekwe magunia wala kabati, kwa maana siku ya hatari lazima ulifikie gizani. Usiliweke bafuni, wala juu ya jiko au karai la kuoshea vyombo, wala katika ghala la majani makavu. Ikiwa ulijenga bafu mpya na sanduku la zamani likabaki ndani yake, hiyo peke yake ni sababu ya kulihamisha.

KAZI YENYEWE

Kazi hii si ya mwenye nyumba. Hata ukizima swichi kuu, waya utokao kwenye mita kuja kwenye sanduku bado una umeme, na waweza kuua. Mita na lakiri yake si mali yako. Ni ya Kenya Power, na wao ndio wanaoihamisha na kukata stima. Kazi ya ndani ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, ambayo ndiyo mamlaka ya kusimamia nishati kwa sheria ya mwaka wa 2019. Mwambie akuonyeshe leseni kabla ya kupatana bei. Asiyekuwa nayo ataomba pesa kidogo, lakini rahisi yake yaweza kukugharimu nyumba.

Hata hivyo, yafaa ujue kazi njema ilivyo, ili usimame na kuitazama:

Kwanza, kila njia ya umeme iwe na breka yake: taa, soketi, bomba la kuoga, na mashine ya nje. Kwa kawaida waya wa taa ni wa milimita 1.5 za mraba na wa soketi ni 2.5. Bomba la kuoga lahitaji waya mnene zaidi, wake peke yake.

Pili, sanduku likihama, nyaya za zamani huwa fupi. Zisisokotwe na kufungwa kwa utepe. Ziungwe ndani ya kisanduku chenye kifuniko kinachofikika, au zitandikwe mpya.

Tatu, iwepo swichi ya kuzuia mshtuko, inayokata umeme wa miliampea 30 tu unapovuja. Ina kidude cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi. Isipojizima, mwite fundi.

Nne, waya wa ardhi ufungwe vizuri kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa chini sana, ambako udongo hubaki na unyevu hata wakati wa kiangazi. Chuma cha mashine ya nepia kiungwe nao. Kumbuka kuwa ng'ombe hufa kwa umeme mdogo kuliko mtu, kwa kuwa miguu yake ya mbele iko mbali na ya nyuma, na umeme uliovuja ardhini hupita mwilini mwake kati ya miguu hiyo.

Tano, ziachwe nafasi mbili au tatu tupu, maana mwaka ujao utataka pampu ya maji.

Fundi akimaliza, apime, aandike jina la kila breka, kisha akupe cheti cha kazi alichotia sahihi. Kiweke pamoja na karatasi za shamba.

Leo jioni, kabla ya kulala, fungua sanduku lako bila kugusa kitu ndani, usome namba za breka. Ukiona namba kubwa kwenye njia ya taa, au kifuniko ni cha moto, au kuna harufu ya kuungua, usingoje mavuno. Zima swichi kuu, ukamwite fundi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.