Inagonga Lini?

Je, wajua kwamba gari linalogonga mbele linaweza kukudanganya upande? Chuma hupitisha sauti kwa karibu kilomita 5 kwa sekunde, mara 15 hivi ya kasi yake hewani. Bushi ikilia kwenye gurudumu la kushoto, mlio hutambaa kwenye chesisi ukasikika miguuni mwa dereva aliyeketi kulia. Ndiyo maana fundi mzoefu wa Mpanda, mkoani Katavi, hajali sana jibu la "wapi". Atakuuliza: inagonga lini?

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, umepata lami kwenye baadhi ya barabara zake kuu. Lakini pita Sitalike uingie njia za udongo za Hifadhi ya Katavi, utakutana na rasta, vile vijimawimbi vigumu vinavyokata barabara. Hakuna aliyevichimba. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walionyesha kwamba gurudumu likizunguka juu ya mchanga, kasi ikishavuka kiwango fulani, mawimbi hujijenga yenyewe, hata pasipo springi.

Piga hesabu. Rasta zikiwa na nafasi ya sentimita 75 nawe uko kilomita 40 kwa saa, kila gurudumu linapigwa mara 15 hivi kwa sekunde. Kwa saa nzima, mapigo 53,000 hivi. Bodi ya gari hupenda kuyumba mara moja au mbili tu kwa sekunde, kwa hiyo wewe juu unajiona umetulia. Kipigo kinaliwa chini, na boljointi: tufe la chuma ndani ya kikombe chenye grisi, limevikwa kofia ya mpira. Kofia ikichanika, vumbi linaingia na grisi inageuka msasa.

Turudi kwenye "lini". Gari likigonga kokoko kwenye vishimo vya upande mmoja, kisha likanyamaza kwenye tuta ambalo magurudumu yote mawili hupanda pamoja, shuku linki za stabilaiza. Fimbo ya stabilaiza hufanya kazi gurudumu moja linapoinuka peke yake. Yakiinuka yote, inazunguka tu bila kuzivuta linki.

Mlio wa ta-ta-ta ukikata kona kali huku unakanyaga mafuta ni wa sivijointi, kifaa ambacho Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, alikibuni miaka ya 1920 na ambacho kwa kawaida kina gololi sita. Ukizungusha usukani gari limesimama, kukasikika kama waya unaoachiwa ghafla, tazama beringi ya juu ya shokapu. Mvumo unaopanda na mwendo, ukabadilika gari likilalia upande, ni beringi ya gurudumu.

Kisha jeki, na stendi chini yake; jeki tupu haiaminiki. Shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza, ni beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia: likicheza hapo tu, shuku tairodi ya usukani. Vitabu vya Kizungu husema shika saa 12 na saa 6. Mswahili akigeuza saa zake, saa sita iko juu na saa kumi na mbili iko chini, na mikono inaangukia palepale.

Ili kusikiliza vizuri, zima redio, shusha vioo, mwenzako aendeshe polepole. Ila usichague daraja la Sitalike: viboko wa mto Katuma wanakoroma kuliko beringi yoyote.

Linki iliyolegea itakukera mpaka Sumbawanga, lakini utafika. Boljointi iliyolegea sana ni habari nyingine. Tufe likichomoka kwenye kikombe chake, gurudumu linalala ubavu, na usukani unabaki mkononi bila cha kugeuza.